Pleti ya Kushoto

Jiko lilipowekwa juu ya benchi, fundi hakuligusa. Alifuta mikono kwa kipande cha kanga kuukuu, akaitikia shikamoo ya mama aliyelileta, akamsogezea kigoda, ndipo akaanza kuuliza. Limegoma lini? Pleti zote mbili au moja? Ukizungusha kitufe, cheche inaruka? Gesi unaisikia ikitoka? Linakataa kabisa, au linawaka halafu linazima ukiachia kitufe?

Kibaraza chake kiko Maji ya Chai, hatua chache kutoka barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Malori yanapita, bodaboda zinaita abiria, na mama ntilie wa jirani anachochea makaa. Katikati ya kelele hizo fundi anauliza kwa sauti ya chini, na anasubiri jibu likamilike kabla ya kuleta swali jingine.

Mama alieleza. Pleti ya kulia inawaka vizuri, ya kushoto ndiyo haitaki. Cheche ipo. Harufu ya gesi ipo, tena nyingi. Mtungi ulimwishia wakati wa masika, wakawa wanapikia kuni. Juzi kapata hela ya kuujaza, karudi kwenye jiko lake, pleti moja imekataa. Alipojaribu kuiwasha kwa njiti ya kiberiti, moto ulilipuka mara moja, "pu!", ukafa.

"Ulilipukia wapi, mama? Juu, panapokaa sufuria?"

"Hapana, fundi. Chini, upande wa vitufe."

"Chini," fundi alirudia, akanyamaza.

Mimi nilidhani maswali yamekwisha na kazi ndiyo inaanza. Kumbe nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika. Pleti ya kulia ikiwaka, maana yake mtungi una gesi, regulata inapitisha, na mpira haujaziba wala kukunjamana. Vitu vitatu vimeondoka kwenye orodha bila spana kushikwa. Cheche ikiwepo, hakuna haja ya kuanza na kiwashio. Na lile swali la kuzima ukiachia kitufe lilihusu kifaa ambacho jiko hili dogo la mezani halina, ila majiko mengi yenye oveni yanacho: themokapo, kijiti chembamba kinachokaa ndani ya mwali. Kikipata joto huzalisha umeme mdogo sana, milivolti 20 au 30 hivi, na umeme huo ndio unaoishikilia sumaku iache njia ya gesi wazi. Kijiti kikichoka, jiko huwaka vidole vikiwa juu ya kitufe na kuzima mara tu unapoondoa mkono. Aliyeuliza anajua mahali pa kuanzia. Asiyeuliza hufungua kila skrubu, na akirudisha huenda moja ikabaki mkononi.

Niseme wazi kwa nini nilikaa pale muda wote ule. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mitungi midogo inagawiwa kwenye mikutano, picha zinapigwa, na ni jambo jema, maana moshi wa kuni umeua mapafu ya mama zetu kwa vizazi. Lakini jiko la gesi ni mashine. Lina njia nyembamba, mpira unaozeeka, tundu dogo kuliko punje ya mtama. Siku linapogoma, kama hakuna mtu wa kulisikiliza karibu, mwenye nyumba anarudi kwenye mafiga, kama mama huyu alivyorudi mtungi ulipokwisha. Katika hotuba nilizozisikia, mtu huyo wa kulisikiliza hatajwi. Nilitaka kumtazama.

Hatua ya kwanza ya mikono yake ilikuwa kulihamisha jiko. Alilitoa benchini akalipeleka nje ya kibaraza, mahali penye upepo, mbali na makaa ya mama ntilie, na mtungi akausimamisha upande upepo unakotoka. Gesi ya mitungi, mchanganyiko wa propeni na buteni, ni nzito kuliko hewa: propeni mara moja na nusu, buteni karibu mara mbili. Ikivuja haipandi ikapotelea darini. Inateremka, inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye shimo na chini ya kitanda, inangoja cheche. Fundi aliangalia ardhi kabla ya kuweka mtungi. Kulikuwa na mtaro mkavu wa maji ya mvua, aliuepuka.

Kisha regulata. Aliikagua kwa kidole, akaichomoa, akakagua mpira mdogo wa mduara ulio kwenye mdomo wa mtungi, akairudisha mpaka ikalia "tak". Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa kwa baa kadhaa. Regulata ya nyumbani huishusha hadi takriban milibari 30, na baa moja ni milibari 1,000. Kwa hiyo kinachofika jikoni ni pumzi hafifu tu, na pumzi hafifu huzuiwa na kitu kidogo. Hili fundi alilisema wakati anachanganya sabuni ya unga na maji kwenye kopo la rangi, huku akikoroga kwa brashi. Alipaka povu kwenye regulata, kwenye ncha zote mbili za mpira, kwenye vibano, na kwenye mabomba yaliyo chini ya vitufe. Alifungua gesi, akainama, akatazama kila mahali kwa zamu. Povu likivimba, pana tundu. Alikaa ameinama kwa muda ambao mimi ningeshainuka na kusema hamna kitu. Yeye alingoja povu lianze kukauka lenyewe. Halikuvimba popote.

Hapo ndipo jambo la harufu lilipopata uzito. Gesi haivuji kwenye maungio, lakini mama ameinusa, na moto umelipukia chini. Basi gesi inatoka mahali ilipopangiwa kutoka, ila haifiki ilipopangiwa kufika. Fundi hakusema hivyo bado. Alifuta povu kwa kitambaa kikavu, akaiwasha pleti ya kulia.

Pleti ya kulia ndiyo ilikuwa shahidi wake. Aliiacha iwake, akaitazama: duara la vijimwali vya buluu, vifupi, vimetulia, kila kimoja kimekaa kwenye tundu lake. Alisikiliza sauti yake, mvumo mwembamba usiobadilika. Akaizima. Akafungua ya kushoto bila kuwasha, sikio karibu na kitufe, akahesabu kimya kimya, akafunga. Akarudia kulia, akafunga. Kushoto tena. Alinikaribisha nisikilize. Kulia gesi ilitoka kwa mkupuo mlaini, kama mtu anayepuliza chai. Kushoto ilianza hivyo hivyo, kisha ikawa na mkoromo mdogo, sauti ya kitu kinachorudi nyuma. Bila kusikia ile ya kwanza nisingejua kwamba ya pili ina kasoro.

Alingoja upepo uisafishe gesi iliyotoka. Hapo tu ndipo alipogusa pleti yenyewe.

Kofia ya kichwa cha jiko hutoka kwa kunyanyuliwa, haina skrubu. Chini yake kuna kichwa cha alumini chenye meno pembeni, na kati ya meno hayo ndipo moto unapotokea. Meno ya upande mmoja yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe, mgumu, wenye michirizi ya kahawia. Fundi alikwangua kidogo kwa ukucha, akatabasamu.

"Makande, mama?"

"Makande," mama akakiri. "Na magadi."

Magadi huivisha maharage na mahindi haraka, na wapishi wengi wa huku hawaachani nayo. Sufuria ikifurika, maji hukauka juu ya kichwa cha jiko na chumvi hubaki. Maji ya mitaa hii nayo yana chumvi za aina hiyo hiyo. Yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba soda pamoja na floraidi. Floraidi yake kwenye vyanzo vingi ni mara kadhaa ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana meno ya kahawia ni jambo la kawaida hapa, na ndiyo maana kituo cha Ngurdoto, jirani tu, kimefanya kazi miaka mingi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, floraidi inabaki yote. Hilo ni la sufuria. Kwa kichwa cha jiko, ubaya wa magadi ni mwingine: hula alumini. Fundi alimwonyesha mama meno mawili yaliyokwisha kulika, kingo zake zimechakaa, akamwambia kichwa hiki akikiosha kila kinapofurikiwa kitamfikisha mbali.

Alikisafisha kichwa hicho kwa namna iliyonifanya nisahau barabara. Kwanza maji ya vuguvugu kwenye bakuli, kikalowekwa. Hakukimbilia kukwangua, ukoko uliolowa huachia wenyewe, mkavu hutoka na chuma. Kisha mswaki mkuukuu, si brashi ya waya. Kisha kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kikipitishwa kati ya jino na jino, moja baada ya jingine, mzunguko mzima, hata yale yaliyoonekana safi. Akasuuza, akakausha kwa kitambaa, akakipuliza, akakiweka juani dakika kadhaa. Kichwa chenye unyevu, alisema, kitakudanganya: kitakataa kuwaka, na wewe utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Alipokirudisha, alikizungusha mpaka kikaingia kwenye alama yake, akagonga kofia kwa kidole ikae sawa. Akawasha.

Haikuwaka.

Mtu mwenye haraka angekata tamaa hapo, au angesema spea hii imekufa, nunua nyingine. Ukoko ulikuwa kosa la kweli na linaloonekana, na kosa linaloonekana humvutia mtu aseme amemaliza. Fundi hakuonyesha kushangaa. Nadhani tangu mama aliposema "chini" alijua ukoko siyo wenyewe. Lakini aliusafisha kwanza, kwa ukamilifu, kwa sababu ulikuwa pale, na kwa sababu asingeweza kuuamini mlango wa nyuma kama wa mbele bado umeziba.

Alifunga mtungi, akachomoa mpira, akatandika gunia, akaligeuza jiko kifudifudi.

Chini ya jiko mambo huonekana yalivyo. Kutoka kwenye kila kitufe linatoka bomba fupi linaloishia kwenye nozeli, kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu moja katikati. Mbele ya nozeli kuna mdomo wa bomba la chuma cha kuyeyushwa, pana kuliko nozeli, lenye vilango pembeni. Bomba hilo hupinda na kupanda hadi kwenye kichwa cha moto. Jiko halina feni. Gesi ikiruka kwa kasi kutoka kwenye nozeli huburuta hewa kupitia vile vilango, vinachanganyika ndani ya bomba, na mchanganyiko huo ndio unaowaka juu. Kanuni hiyo ya kuchanganya kabla ya kuwasha ilipata umbo lake maarufu mwaka 1855 katika maabara ya Robert Bunsen kule Heidelberg, alipopata taa ya gesi yenye mwali safi usio na masizi. Jiko la mama wa Maji ya Chai hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Propeni inahitaji takriban hewa mara 24 ya ujazo wake ili iungue yote. Buteni mara 31. Ukitazama vile vilango vidogo, unajiuliza hewa yote hiyo inaingilia wapi.

Fundi aliishika nozeli kwa spana namba saba, akailegeza kwa robo mzunguko, akamalizia kwa vidole. Shaba ni laini; ukiilazimisha, uzi wake unakatika na koki nzima inakuwa ya kutupa. Aliiweka kwenye kiganja, akasoma namba iliyogongwa pembeni kwa kutumia kioo cha kukuzia kilichopasuka. Namba hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 70 ni milimita 0.70. Alinieleza kwamba huletewa majiko mapya kabisa yanayotoa moto wa njano na kupaka sufuria masizi, na kosa ni namba tu: yalifungwa nozeli za gesi asilia. Gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay, ina joto pungufu kwa kila lita ya ujazo, chini ya nusu ya gesi ya mtungi, hivyo hupewa tundu pana zaidi. Huku kwetu gesi inafika kwa magari, ndani ya mitungi. Tundu pana likipewa gesi ya mtungi, linamwaga kuliko hewa inavyoweza kufuata.

Aliinyanyua nozeli mbele ya jicho, akailenga mbinguni. Nukta ya mwanga ilikuwa pale, ya duara, safi. Hata hivyo alichukua waya wa umeme, akauchuna, akatoa unyuzi mmoja wa shaba nyekundu, akaupitisha. Nikauliza kwa nini asitumie sindano, kwani kwenye kopo lake niliziona. Zile ni za stovu, akajibu. Alianza ufundi akiwa kijana kwa stovu za kupampu za mafuta ya taa, uzao wa ile aliyoibuni Mswidi Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892, na kwa majiko ya mchina ya tambi. Sindano ya stovu ilikuwa haki yake kwenye stovu. Kwenye nozeli ya gesi, chuma cha pua hukwaruza shaba, na ukiongeza sehemu tatu nne za mia za milimita umekwisha badilisha jiko. Unyuzi wa shaba nyekundu ni laini kuliko nozeli yenyewe: ukikutana na uchafu unausukuma, ukikutana na ukuta unajikunja.

Sindano anazitunza bado. Zimepangwa kwenye kopo la dawa, zimepakwa mafuta zisishike kutu, ingawa stovu ya mwisho aliyotengeneza hata yeye haikumbuki vizuri.

Nozeli ilikuwa nzima. Ikabaki sehemu moja.

Bomba la kuchanganyia hushikiliwa na skrubu moja tu, lakini skrubu hiyo huishi karibu na moto na maji yanayofurika, na kutu huishona. Fundi alijaribu bisibisi mara moja, polepole, akahisi inateleza, akaacha. Alidondosha matone mawili ya mafuta ya breki juu ya kichwa cha skrubu, akakigonga kwa upole kwa mpini wa bisibisi, akaenda kumhudumia mtoto aliyeleta pasi. Aliporudi aligonga tena, akadondosha tone jingine. Mama aliuliza kama kuna tatizo. "Hakuna, mama. Inakunywa." Alipoweka bisibisi mara ya pili, alikandamiza kwa uzito wa mwili kabla ya kuzungusha, na skrubu ikalia, ikakubali. Alikuwa ameokoa kichwa chake. Kichwa kile kingelika, jiko lingetobolewa kwa drili.

Alilitoa bomba, akaliinua kuelekea kwenye mwanga, akatazama kupitia mdomo wake. Akanipa. Upande wa kichwa palikuwa na mwanga hafifu wa kijivu, kama wa dirisha lenye pazia. Akatoa bomba la pleti ya kulia nalo, skrubu yake ilikuwa rahisi, akanipa nilinganishe. Lile nililiona hadi mwisho, wazi, mduara wa anga.

Chombo alichotumia kilikuwa waya wa breki ya baiskeli, ncha yake imepigwa fundo la kitambaa. Aliuingiza kutoka upande wa kichwa, akausogeza taratibu akifuata pindo la bomba, akauzungusha, akavuta. Kikatoka kifuko cheupe cha hariri, kikubwa kama harage, na nyuma yake utando uliokunjamana ukiwa na mabaki ya nzi na vumbi la majivu. Buibui mwenyewe hakuwepo. Alihama zamani, baada ya kutaga.

Fundi alikiweka kifuko kwenye kipande cha gazeti mbele ya mama.

"Wakati unapikia kuni," akasema, "huyu alikuwa amepanga hapa."

Mambo yote yakakaa pamoja. Bomba la kuchanganyia ni giza, jembamba, kavu, na lina mlango ulio wazi daima. Jiko likitumika kila siku, joto humfukuza mdudu. Likikaa miezi, anahamia. Buibui hujenga, nyigu wa matope naye hujenga, na fundi ameshatoa matope magumu kama tofali. Gesi iliporudi, iliruka kutoka kwenye nozeli kama kawaida, ikagonga utando, ikakosa njia ya kwenda juu, ikarudi nyuma na kumwagikia nje kupitia vilango vya hewa. Mkoromo ule niliousikia ndio huo. Ikateremka chini ya jiko, kwa kuwa ni nzito, na njiti ya mama ikaikuta huko. Kama angeendelea kujaribu ndani, milango imefungwa, moto ule usingekuwa mdogo. Fundi hakumtisha, alimwambia tu kwamba alifanya vyema kuacha na kulileta.

Kuligonga bomba likatoka vumbi, kulipitisha kitambaa kikavu mpaka kikatoka cheupe, kulipuliza: hayo aliyafanya kwa mabomba yote mawili, ingawa aliitiwa moja. Nozeli aliirudisha kwa vidole kwanza, ili asivuke uzi, spana ikaja mwishoni kwa msukumo mdogo. Alipofunga bomba la kushoto alifanya kitu ambacho ningekipita kama ningeangalia simu. Alilala ubavu, akafumba jicho moja, akatazama kama nozeli imekaa katikati kabisa ya mdomo wa bomba. Ikiinama kidogo, gesi hugonga ukuta, na hewa haifuati sawasawa. Alisukuma bomba kwa upana wa ukucha, akatazama tena, akakaza.

Safari hii alipowasha, mwali uliruka duara zima kwa mpigo mmoja.

Ulikuwa na ncha za njano. Mama alishaanza kushukuru na kukusanya vitu vyake. Fundi akamwomba asubiri. Kwenye mdomo wa bomba kuna kipete kinachozunguka na kufunika au kufunua vilango vya hewa. Alikishika kwa koleo, akakifungua kidogo. Njano ikapungua. Kidogo tena. Ikabaki kwenye mwali mmoja mmoja. Alipofungua zaidi, miali ilianza kunyanyuka kutoka kwenye meno na kutoa sauti ya upepo, dalili kwamba hewa imezidi. Akarudisha nyuma nusu ya alivyofungua. Maji ya Chai iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10, hivyo jiko lililorekebishwa pwani huenda likahitaji vilango wazi zaidi hapa. Njano maana yake gesi haijaungua yote: inapaka masizi, inapoteza hela, na kwenye chumba kisicho na dirisha inatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Fundi hana kipimo cha kumwambia pa kusimama. Ana macho, masikio, na pleti ya kulia kando yake.

Aliweka sufuria ya maji, kwa kuwa moto usio na sufuria na wenye sufuria haufanani. Ulitulia. Aliupunguza hadi chini kabisa, ukabaki bila kuzima. Akapaka povu upya kwenye kila alichogusa, akainama tena kwa muda ule ule mrefu.

Mpira ndio haukumpendeza. Aliukunja karibu na kibano, ukaonyesha nyufa ndogo. Mwaka uliochapwa ubavuni ulikuwa wa zamani. Hauzi mipira yeye. Alimwonyesha mama nyufa zile, akamwambia aende nao dukani kama ulivyo ili apate wa upana huo huo, na kwamba wa maji, hata ufanane vipi, gesi huulainisha ukaoza. Akamfundisha kuziba midomo ya bomba kwa kitambaa siku mtungi ukiisha na jiko likapumzika, na kukumbuka kukitoa. Kisha akamtaka awashe mwenyewe: cheche au njiti itangulie, gesi ifuate.

Bodaboda ilipokuja, fundi alichomoa regulata akamkabidhi mama mkononi. Jiko lilifungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Dereva alitaka kuulaza mtungi juu ya jiko. Fundi akaushika akausimamisha, akaufunga mwenyewe kwa kamba, akamweleza kwamba ukilala kinachofika mdomoni ni kimiminika badala ya mvuke, na kikitoka hakitoki kwa milibari 30.